Yule wa Mama

Lome, 20 Novemba 1994

Kwako Tabawa, uliye nyumbani,

Nimefika salama. Lori lilitulaza Parakou siku mbili kwa sababu ya springi, na dereva akatuambia tushukuru ni springi, siyo breki. Tukashukuru.

Kazi ni ile ile ya baba yangu. Mkasi mkononi, natembea mitaani nikiupiga kwa-kwa-kwa, mwenye kucha ndefu ananiita, nakaa kwenye kigoda nakata. Wanawake wa huku wana maneno. Jana mmoja aliniambia, "We Mhausa, unakata kucha au unachonga mpini wa jembe?" Nikamwambia, "Mama, kwa kucha hizi ningekuja na shoka." Alicheka mpaka akaninyooshea na mguu.

Goti la Mama linaendeleaje? Kisima kina maji? Mbuzi mweupe amezaa? Delu ameacha kuwatukana wachungaji wa watu?

Mengine siulizi. Mwanamume hamuulizii kifungua mimba wake, hilo nalijua tangu utoto, na ole wako umwambie mtu kwamba niliuliza. Lakini ikitokea kalamu yako ikateleza, ikaandika kwamba kuna mtu fulani kwenye kibanda cha Mama ameanza kutambaa, sitakasirika.

Mimi,
Lawali

*

Gidan Tudu, 11 Desemba 1994

Mwenye nyumba,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti mbele ya mama yako na Delu, na nilipofika mwisho nikanyamaza. Delu akasema, "Mbona karatasi bado ina maandishi na wewe umefunga mdomo?" Nikamwambia ni majina ya mitaa ya Lome. Akasema, "Basi soma hiyo mitaa, huenda nitaolewa huko." Mdogo wako atanimaliza.

Goti la mama yako halijambo asubuhi, jioni linasumbua. Kisima kina maji ila kamba imeongezwa pima mbili. Mbuzi mweupe amezaa pacha, mmoja amekufa.

Kalamu imeteleza. Yule wa Mama anatambaa. Anatambaa kwa goti moja na mguu mmoja, hatujui nani alimfunza hivyo. Nikianza kutwanga anakuja mlangoni kwa mama yako, anapiga ardhi kwa kiganja kila mchi unaposhuka, na akikosa pigo anakasirika. Ana meno manne. Kwangu anakuja kunyonya tu. Mama yako ananiwekea mapajani, mimi natazama ukuta, akishiba anachukuliwa. Ndivyo nilivyofunzwa, na ndivyo mama yangu alivyofanya kwa kaka yetu mkubwa. Sijawahi kumwita. Siku moja uani hapakuwa na mtu, nikamtazama usoni. Ana nyusi zako. Basi, nimeshasema, na sasa naona aibu peke yangu.

Upepo wa baridi umeanza na vumbi lake. Upande wa wahunzi watoto wawili wametapika na kuharisha, mmoja wamemzika Jumatatu. Wanasema ni meno. Ajabu ni kwamba meno huwa yanawaota watoto upepo huu ukija.

Tabawa

*

Lome, 2 Januari 1995

Kwako Tabawa,

Nani alikwambia uandike hivyo? Nilisoma barua yako nikiwa na mteja, kiganja chake mkononi mwangu, nikacheka peke yangu. Akauliza kama kucha zake zinachekesha.

Shaibu anakuja huko kuhani msiba wa shangazi yake, atarudi baada ya wiki tatu. Nimempa sweta ya sufu, rangi ya kijani. Mpe Mama. Sema ni ya goti lake. Kama goti lake lina mikono miwili midogo, hilo si shauri langu.

Goti moja na mguu mmoja! Mimi ndivyo nilivyotambaa. Muulize Mama.

Lawali

*

Gidan Tudu, 22 Januari 1995

Mwenye nyumba,

Sote tu wazima. Shaibu amefika na mzigo, mama yako ameupokea. Upepo bado unavuma. Maji ya kisima yanatosha.

Mama yako anakusalimu. Anasema ufanye kazi yako kwa utulivu, usiharakishe kurudi, uje mvua zikianza.

Sina zaidi.

Tabawa

*

Lome, 10 Februari 1995

Kwako Tabawa,

Ramadhani njema. Leo siku ya kumi, na mji huu hauna huruma kwa mtu aliyefunga. Kila kona wanakaanga kitu.

Barua yako ilikuwa fupi kama ukucha nilioukata mimi. Nikasema labda kazi zimekuwa nyingi, au Delu alikuwa anakuchungulia begani. Sikulaumu.

Jana niliitwa na mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Anajikwaruza uso, anataka kucha zipunguzwe. Kumkata mtoto kucha ni kazi kuliko kumkata askari. Anavuta mkono, anataka mkasi, akiupata anataka kuula. Nilikaa naye muda mrefu. Nikawa nafikiri, yule wa Mama sasa atakuwa anashika ukuta na kusimama. Mwambie Mama asimwache karibu na kisima. Na sweta isipomtosha ukunje mikono, usiikate, mtoto hukua.

Nimekuwa mtu asiye na haya. Usiwasomee wengine haya.

Lawali

*

Gidan Tudu, 6 Machi 1995

Mwenye nyumba,

Idi imepita. Nimekatazwa kukuandikia haya. Baba yako mdogo alikuja, wakakaa na mama yako, wakasema mtu akipata habari ya msiba ugenini huacha kazi akarudi mikono mitupu, basi usiambiwe mpaka urudi mwenyewe. Nilitii. Kisha ikaja barua yako ya kukunja mikono ya sweta. Siwezi tena.

Yule wa Mama hayupo. Alikufa tarehe kumi na nne Januari, baada ya sala ya alasiri. Sweta ilifika amezikwa siku nne.

Nitakueleza yote, na ukimaliza uniseme unavyotaka.

Ilianza Alhamisi asubuhi. Alitapika maziwa yote, tukasema ameshiba mno. Kabla ya adhuhuri akaanza kuharisha, maji matupu, hata nguo ya kumfungia mgongoni ikawa haikauki. Mama yako akasema, "Meno hayo, kuna mawili yanakuja juu." Akamwita kinyozi. Kinyozi akamfungua mdomo, akasema si meno, ni kimeo kimerefuka ndiyo maana anatapika, akakikata. Mtoto akatapika damu na maji. Mama yako akazuia asipewe maji, kwa sababu kila anachokunywa ndicho kinachomwagika. Alisema hivyo huku analia. Usidhani hakumpenda. Hakumtua chini siku zote tatu, na unalijua goti lake.

Sasa nisikilize mimi nilifanya nini. Nilitwanga.

Ijumaa nilikuwa kwenye kinu tangu asubuhi. Aliletwa kunyonya mara mbili, mdomo wake mkavu, ulimi umekauka. Nilitazama ukuta, lakini kwa pembe ya jicho niliuona utosi wake umebonyea, kikombe cha kahawa kingeweza kukaa. Alikuwa analia na machozi hayatoki. Darasa la sita mwalimu alitufundisha, aliandika ubaoni, chumvi nusu kijiko, sukari vijiko sita, maji lita moja, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo hata kama anatapika. Nilipata alama zote za somo lile. Sukari ilikuwepo ndani, ile uliyoiacha wewe. Ningesema neno moja tu, "Mama, mpe maji." Mama wa kifungua mimba hasemi neno hilo. Mke wa jirani akapita, akamwambia mwenzake, nami nasikia, "Mtazame yule, mtoto wake anaumwa na yeye anatwanga tu. Huyo amelelewa. Ana haya kwelikweli."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa. Nilinyoosha mgongo nikatwanga vizuri zaidi.

Jumamosi mama yako mwenyewe akasema twende zahanati. Ni mwendo wa saa mbili, unaujua. Yeye alimbeba mbele, Delu akafuata na buli la maji ya kutawadhia, mimi nyuma kabisa kama mtu anayekwenda shughuli zake. Nesi ni mgeni, ametoka magharibi, hajui mila zetu. Akauliza, "Mama wa mtoto yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Mimi nilitazama mlango. Delu akanionyesha kwa mdomo, mama yako akamkanyaga mguu. Nesi akadhani mama yake ni marehemu, akamwambia mama yako, "Pole bibi. Ameanza lini? Amekojoa mara ya mwisho lini? Amenyonya mara ngapi leo?" Mama yako hakujua. Nepi nazifua mimi. Nilijua kwamba tangu Ijumaa alfajiri hajakojoa. Nesi akauliza tena, mara ya tatu akapaza sauti, "Kwani nyumba hii hakuna anayejua mtoto amekojoa lini?"

Nilijibu mwishowe. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Nesi akanigeukia, akanitazama titi limelowesha nguo, akaelewa, akasema kitu kwa lugha yake.

Hakupata mshipa, mishipa ilikuwa imelala. Akachanganya maji, akampa mama yako kijiko, mpe kimoja kimoja. Mikono ya mama yako ilikuwa inatetemeka, nusu ilimwagika kidevuni. Nilikuwa nimekaa hatua mbili. Mkono wangu haukutetemeka. Sikukichukua kile kijiko.

Sikulia. Tulirudi naye amefunikwa, wakazika, sikulia. Wanawake wakanisifu tena.

Tabawa

*

Lome, 28 Machi 1995

Kwako Tabawa,

Nilijua.

Shaibu alirudi huku tarehe ishirini na tisa Januari na barua yako ile fupi. Alikuwa amekatazwa kusema, na alijitahidi. Tukala, tukazungumza habari za shangazi yake. Nikamuuliza kwa mzaha, "Sweta ilimtosha Mama gotini?" Akaanza kulia, mtu mzima, na mkono wake umo kwenye sahani.

Kisha nikachukua mkasi nikatoka, maana nilikuwa na wateja wa jioni. Nikakata kucha za watu kumi na mmoja siku ile. Mmoja nilimkata nyama, akanitukana, nikamwambia samahani. Sikumwambia mtu kwamba nimefiwa. Ningemwambia nani, na kwa mdomo gani? Baba wa kifungua mimba naye hasemi. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyetwanga.

Utaniuliza, kama nilijua, kwa nini nikaandika ile barua ya Februari, kusimama ukutani, mikono ya sweta? Sijui kama utanisamehe. Niliona mmeamua nisijue. Nikasema, Tabawa anafikiri huku Lome, kichwani mwangu, mtoto bado anatambaa. Basi acha atambae. Acha kuwe na mahali pamoja ambapo bado anakua. Nilipokuwa naandika nilimwona kabisa ameshika ukuta. Sikujua kwamba barua hiyo ndiyo ingekuvunja. Nilikuumiza, na nilidhani nakupunguzia.

Nimekasirika, sitakuficha. Nilipofika pale pa kijiko niliirusha barua, nikatembea mpaka sokoni na kurudi. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Kisha nikajiuliza, ningekuwapo mimi ningefanya nini? Ningetoka. Ningekwenda kukaa na wanaume kibarazani, nikazungumza habari za mbuzi, mtu akiniuliza nikasema ni watoto tu, wanaumwa, wanapona. Baba yangu alifanya hivyo nilipoumwa mimi, na mpaka leo watu wanamsifu.

Mama usimchukie. Yeye naye aliwahi kutazama ukuta.

Nasiru. Nimeliandika. Mkono haukukatika. Nasiru, Nasiru, Nasiru mtoto wangu.

Akija mwingine kila mtu atakuruhusu kumpenda. Utambusu mbele ya watu, utamwita uani, hakuna atakayesema kitu, kwa sababu ni wa pili. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote.

Nakuja mvua zikianza.

Lawali

*

Gidan Tudu, 12 Februari 1997

Mwenye nyumba,

Usiogope, naanza na mwisho, Zuwaira ni mzima. Sasa hivi amelala mgongoni kwangu na anakoroma. Binti yako ana miezi kumi na anakoroma kama Shaibu.

Wiki mbili zilizopita, katikati ya mfungo, upepo ulikuwa mkali hatuonani uani. Alitapika asubuhi. Mara ya pili alipotapika sikungoja kuhara. Nilitupa mchi chini, nikaingia ndani nikachanganya, chumvi nusu, sukari sita, nikakaa naye mlangoni nikimpa kijiko, namwita, "Zuwaira, Zuwaira, nitazame, kunywa." Anatapika, nangoja kidogo, naanza tena. Mke wa jirani akasimama akasema, "Huyu naye! Kelele zote hizo, watu watadhani ni mtoto wa kwanza duniani." Delu akamjibu, "Pita, dada, kinu chako kinakuita." Sikucheka, lakini nilisikia.

Adhuhuri alikuwa anaharisha maji yale yale. Harufu ile ile. Nikamfunga nikaenda. Nilikuwa nimefunga, nikafungua njiani kwa maji ya chupa ya mtoto, sikumuuliza mtu. Mama yako alitaka kuja, nikamwambia goti, akasema goti litafika linapofika. Njia nzima nilimwita jina. Nilikuwa namwita kwa sauti mpaka wachungaji walisimama wakidhani nimepotelewa na mbuzi.

Nesi ni yule yule. Akauliza, "Mama wa mtoto yuko wapi?" nikasema, "Ni mimi," kabla hajamaliza. Ameanza lini, amekojoa lini, amenyonya mara ngapi, nilimjibu yote kwa saa na hesabu. Akasema ni kirusi, kinaitwa rota, kinakuja kila mwaka na baridi, hakina uhusiano na meno wala kimeo. Dawa ya kukiua hakuna, kazi ni kurudisha maji yanayotoka, haraka kuliko yanavyotoka. Mwezi ule alikuwa ameshapoteza watoto watano waliochelewa. Tulikaa pale siku mbili. Siku ya kwanza nzima kijiko sikumwachia mtu. Siku ya pili asubuhi akanikojolea mapajani, nikapiga kigelegele, wagonjwa wengine wakadhani mtu amejifungua.

Nesi akaniambia, "Wewe mama hodari. Wangekuwa wote kama wewe." Hapo ndipo nililia. Nililia kile kilio cha miaka miwili, mwenye nyumba, mbele ya watu wote, mdomo wazi, na nesi hakujua amesema nini. Kila kitu alichofanyiwa huyu nilikuwa nakijua siku ile. Maji yale yale, kijiko kile kile. Mkono ule ule.

Mama yako alikuwa amekaa kando yangu kwenye mkeka. Tangu mwaka ule hajawahi kulitaja jambo lile, wala mimi sijamuuliza. Hakuninyamazisha. Aliningoja nikapungua, kisha akasema polepole, anatazama miguu yake, "Yule naye alikuwa wako. Mimi nilikuwa nimeshikishwa tu. Ningekupa. Ungeninyang'anya ningekupa."

Nilimwekea Zuwaira mapajani ili nipate kujifuta uso, akampokea, akaanza kumpa kijiko.

Mimi,
Mama Nasiru